Kiti Changu kwenye Meza Isiyo na Kikomo

Kiti kile kilitoka nyumbani kwangu. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu wanaokizungumzia kana kwamba kiliota chenyewe sebuleni kule Muleba na mimi nikaenda kukivamia. Kilitengenezwa na seremala wa hapa Kibeta, kwa mbao za msizi, nyuma ya jiko langu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chai. Kina mgongo mrefu na mikono miwili. Kilipokauka rangi, mume wangu, ambaye alikuwa bwana shamba wa kahawa, alikipakia kwenye gari Jumamosi moja akaenda nacho. Meza aliyochezea karata huko ina desturi yake: kila mchezaji huja na kiti chake kutoka nyumbani na kukiacha pale pale. Asiye na kiti hana karata.

Alikikalia miaka mingi. Alipofariki, kiti kikabaki Muleba, kitupu, na hakuna aliyekigusa mpaka ukoo ulipokaa na kumtangaza mdogo wake kuwa msika, yaani mrithi. Shemeji yangu huyo anaishi Nyanga. Ni mzee wa usharika, hodari wa kupanga misiba, na sina ugomvi naye wa siku zote. Lakini hajui kutofautisha kopa na uru. Alikitaka kiti kwa sababu wanaume wa meza ile wanafahamiana na kila mnunuzi wa kahawa wilayani, na mtu akikaa nao anasikia mambo mapema.

Alikuja kuniarifu, si kuniomba.

"Shemeji," nikamwambia, "kile kiti nitakikalia mimi."

"Utakikalia wapi?"

"Pale pale kilipo."

Akacheka kwa upole, kama anavyocheka na watoto wa kipaimara. "Mama, wewe ni mwalimu mstaafu. Wanawake wa Kilutheri hawachezi karata."

"Na wanaume wa Kilutheri?"

Akafikiri. "Wale wanapumzika."

Nami nilikuwa nimechoka kupumzika. Miezi kumi na minne nilikuwa nimekaa kwenye nyumba yenye sahani moja mezani, watu wakija kuniambia nitulie. Nilitulia vya kutosha. Nikampigia simu mwenye meza.

Mwenye meza ni mwenye mitumbwi pia. Alihamia kutoka upande wa pili wa ziwa akiwa kijana wa kuvua dagaa, akakaa visiwani, na sasa mitumbwi yake inavua bila yeye na nyumba yake iko Muleba mjini. Ni mtu wa maneno machache. Alisikiliza, akasema atawauliza wenzake, na siku ya tatu akanipigia.

"Mama mwalimu, njoo. Jumamosi moja, saa nane mpaka chakula kiive. Chakula kikiiva na wewe bado una kahawa mbele yako, kiti ni chako. Ukiishiwa kabla, shemeji yako achukue."

"Nimekubali."

"Lakini kuna jambo. Siku hizi tunacheza bila kikomo."

"Tangu lini?"

Nilisikia kuku wake kwanza.

"Tangu juzi," akasema. Namshukuru kwamba hakudanganya.

Ngoja nikueleze maana yake, taratibu, maana bila hili hutaona walichonifanyia. Mchezo wenyewe ni poka. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Halafu karata tano zinafunuliwa katikati ya meza kwa ajili ya wote: kwanza tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha moja ya mwisho. Kila mtu anatafuta mkono bora wa karata tano kutoka kwenye saba hizo. Kabla ya karata za katikati, na baada ya kila kufunuliwa, watu wanaweka dau. Zamu ikikufikia, unaweza kupita kama hakuna aliyeweka, unaweza kufuata alichoweka mwenzako, unaweza kupandisha, au unatupa karata zako na kuacha. Mwisho wanaobaki wanaonyeshana. Wenzako wote wakiacha, unachukua vilivyo katikati bila kumwonyesha mtu chochote, hata kama ulikuwa na takataka.

Meza ile haichezi kwa fedha. Inacheza kwa akamwani, buni zilizochemshwa na kukaushwa, zile tunazompa mgeni atafune. Kila mtu anaanza na mia: arobaini za kahawa yenyewe, na vifuniko sita vya soda, kila kifuniko kikihesabiwa kumi. Anayeishiwa anaondoka mezani na kwenda uani kumenya ndizi za chakula cha jioni. Kwa mwanamume wa Kihaya wa umri wao, kuonwa na majirani akimenya ebitoke ni jambo zito kuliko kupoteza shamba. Ndiyo maana walicheza kwa makini kupita watu wa fedha.

Sasa, wakati wa mume wangu walicheza kwa kikomo. Kwenye kikomo, ukubwa wa dau umeshapangwa. Dau la mizunguko miwili ya kwanza ni mbili, la mizunguko miwili ya mwisho ni nne. Huwezi kuweka tatu, huwezi kuweka ishirini. Na katika kila mzunguko dau likishawekwa linaweza kupandishwa mara tatu tu, basi. Mimi ndiye niliyemfanyia hesabu hiyo siku moja tukinywa uji: hata mambo yakichacha kila mzunguko, mtu hawezi kupoteza zaidi ya arobaini na nane kwa mkono mmoja. Nane, na nane, na kumi na sita, na kumi na sita. Ukiwa na mia huwezi kuondolewa kwa mkono mmoja. Unaweza kukosea, ukajifunza, ukakosea tena.

Bila kikomo, chini kuna sakafu lakini juu hakuna dari. Dau lisipungue mbili, na anayepandisha apandishe angalau kwa kiasi kile kile alichopandisha wa kabla yake. Zaidi ya hapo ni moyo wako. Wakati wowote mtu anaweza kusema "zote" na kusukuma kila alicho nacho, na wewe ukimfuata na kushindwa, umekwisha. Mkono mmoja tu, na uko uani na kisu.

Kwa hiyo hawakunikataa. Walibadilisha mchezo niliojifunza kwa mume wangu wakaweka ule unaoweza kunitoa kabla chai haijapoa. Nilipoelewa, nilikasirika kwa muda wa kukata mkungu mmoja wa ndizi. Baadaye nikapanga viti vinne kwenye meza yangu ya chakula na kuanza kucheza dhidi ya nafsi yangu. Nilikaa kiti cha kwanza nikaweka dau, nikahamia cha pili nikatazama karata zake kwa uaminifu kama sijui za kwanza, nikaamua, nikahamia cha tatu. Wiki mbili. Jirani yangu, muuguzi mstaafu, alichungulia dirishani akanikuta nikijiambia "mama, unadanganya wewe," akarudi zake bila kubisha hodi.

Kama na wewe unajifunza jambo uzeeni, fanya hivyo. Usione aibu. Kichwa cha miaka sitini na tatu bado kinashika.

Jumamosi ikafika. Nilivaa gauni langu la kitenge cha kijani, nikashuka Muleba saa saba na nusu. Pale sebuleni nilikuta wanaume watatu. Mwenye mitumbwi nimeshamweleza. Wa pili alikuwa karani mstaafu wa chama cha ushirika, mtu mrefu mwenye miwani, aliyekaa meza ile miaka mingi kuliko wote na aliyeamini kwamba sheria zote zilizaliwa kichwani mwake. Wa tatu alikuwa fundi cherehani, mcheshi, mwenye tumbo. Kiti changu kilikuwa upande wa dirisha. Nilikaa. Mkono wa kulia wa kiti umesuguliwa mpaka mbao zimekuwa laini. Nikaweka kiwiko changu hapo hapo.

"Waitu, mama yetu mwalimu," fundi akasema, "tukikufunga leo usituchape viboko."

"Niliacha viboko zamani. Sasa natoa masahihisho tu."

Mwenye mitumbwi akataja sheria za meza, mimi nikasikiliza kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Kila mtu kwa zamu yake. Kucheza kabla ya zamu ni kumpa wa mbele yako habari ambayo hakuilipia. Ukisema neno, neno limekufunga: ukitamka "napandisha", umepandisha, hata kama ulitania. Kifuniko kimoja kikitupwa bila neno ni kufuata tu, hata kama ulitaka kupandisha, maana hakuna anayeweza kusoma nia yako kwenye kizibo cha soda. Kahawa zako zikae wazi, vifuniko mbele, ili mwenzako aone uwezo wako kabla hajaamua. Hakuna kutoa nyingine mfukoni katikati ya mkono. Aliyeacha karata asizungumzie alichoacha mpaka mkono uishe. Usirushe kahawa katikati zikasambaa, ziweke mbele yako zihesabike.

"Na hakuna kutafuna," karani akaongeza, akimtazama fundi.

"Nilitafuna moja tu," fundi akasema.

"Ulitafuna kumi na moja."

Nikawaambia nimeelewa. Tukaanza.

Saa ya kwanza nilicheza kidogo sana. Nilitupa karata mkono baada ya mkono, nikiwatazama. Bila kikomo uvumilivu una thamani mara mbili, maana huhitaji kushinda mara nyingi, unahitaji kutokosea mara moja. Karani alikuwa akisukuma vifuniko kama mtu anayefukuza mbuzi: kumi, ishirini, kila mara, na wenzake wakiacha. Mara moja aliweka kifuniko kimoja, akanyamaza, akatazama sura ya fundi, halafu akarudi kwenye fungu lake akaongeza viwili. Fundi akaacha. Hakuna aliyesema kitu. Nikaliweka hilo akilini.

Kisha nikapata malkia wawili.

Fundi alikuwa amepandisha mpaka sita. Nikamfuata, wengine wakaacha. Zikafunuliwa tatu: tisa ya kopa, nne ya kopa, na jeki ya maua. Malkia wangu walikuwa juu ya zote. Lakini kopa mbili mezani ni hatari. Mtu mwenye kopa mbili mkononi anangoja moja tu akamilishe tano za aina moja. Dawa yake ni kumfanya alipe ghali kuingoja, na hilo ndilo jambo ambalo kwenye kikomo huwezi kulifanya. Pale ungeweka mbili zako, naye angefuata bila kufikiri. Hapa niliweza kuweka thelathini. Nilikuwa nimefanya hesabu. Nilikuwa na furaha ya mwalimu anayejua jibu.

Nikachukua kifuniko kimoja nikakiweka mbele. Mkono ukarudi, ukachukua viwili vingine, ukaviongeza.

"Mwendo mmoja," karani akasema.

Nikamtazama.

"Dau ni mwendo mmoja, mama. Umeweka kumi, mkono ukarudi. Dau ni kumi. Hivyo viwili rudisha."

Hapa nataka uelewe nilivyokosea, kwa sababu ni kosa la kwetu. Nyumbani kwa mama yangu mgeni hakupewa akamwani kwa mara moja. Unampa kiasi, halafu mkono unarudi kwenye kikapu na kumwongezea. Ukimpa zote kwa mkupuo unaonekana umempimia. Sokoni ni hivyo hivyo: muuzaji anajaza kopo la maharage, halafu anatupia kiganja cha nyongeza, na mteja hasogei mpaka akione hicho kiganja. Mkono wangu umefanya hivyo miaka sitini. Ulipoona kahawa, ulifanya adabu ulizofundishwa.

Lakini mezani adabu hiyo ni ulaghai, hata kama hukukusudia. Anayeweka kidogo kwanza anaweza kutazama sura ya mwenzake, aone kama ameshtuka au amefurahi, halafu ndipo aamue kama aongeze. Anapata nafasi mbili kwa zamu moja. Kwenye kikomo kosa hilo halina madhara makubwa, maana dau ni lile lile uongeze usiongeze, na ndiyo maana meza ile ililiachia miaka yote. Bila kikomo, ule mwanya kati ya kiganja cha kwanza na cha pili ndio mchezo wenyewe. Ukitaka thelathini, sema "thelathini" kwanza, au visukume vyote kwa pamoja.

Sheria ilikuwa sahihi. Nikavirudisha vifuniko viwili. Fundi akafuata kwa kumi tu, kwa bei ya karanga, na karata ya nne ikawa kopa. Niliona kidevu chake kikipanda. Akaweka ishirini na tano, nami kwa ukaidi nikafuata. Ya mwisho haikunisaidia, akaweka tena, nikaacha. Nilikuwa nimepoteza arobaini na moja kwa mkono ambao ulitakiwa uishe mapema.

Mkono ulipokwisha, na si kabla, nikasema: "Naomba niulize."

"Uliza, mama," akasema mwenye mitumbwi.

"Hii ya mwendo mmoja ni ya meza nzima au ni ya viti vya dirishani?"

Karani akavua miwani. "Maana yake nini?"

"Muda si mrefu uliopita uliweka kifuniko kimoja, ukamtazama fundi, ukaongeza viwili. Fundi akaacha. Sikusikia mtu akisema mwendo mmoja."

"Ile ilikuwa nyongeza tu."

"Na yangu ilikuwa nini, mzee? Mboga?"

Fundi akacheka mpaka akakohoa. Karani hakucheka. Akasema amekaa pale tangu enzi za kahawa ya magunia, na haijafika siku ya kusahihishwa na mgeni. Nikamwambia sikatai hukumu yangu, kumi zangu zimekwenda na sizidai. Nataka tu hukumu hiyo hiyo imkute kila anayerudisha mkono, awe na miwani au na kitenge. Mwenye mitumbwi alisugua shingo.

"Mama amesema kweli," akasema. "Tulinyamaza, hatukufanya vizuri. Kuanzia sasa mwendo mmoja kwa wote."

Kuomba sheria si kuvunja amani. Wengi wetu tulilelewa kuona kinyume, hasa wanawake, na hasa wajane. Tunapoonewa kwa sheria tunalia ili ituhurumie. Mimi sikutaka kuhurumiwa, nilitaka wote tupimwe kwa kopo moja.

Saa kumi na nusu fundi alisema "zote" akiwa na furaha nyingi kuliko karata, na mwenye mitumbwi akamfuata kwa utulivu na kumwondoa. Fundi akachukua kisu akaenda uani. Tukamsikia akiimba huku akimenya, na jirani akimwuliza kwa sauti kama mke wake amesafiri. Tulibaki watatu. Mwenye mitumbwi alikuwa na mia na sitini hivi, karani mia mbili, na mimi arobaini kamili. Ndizi zilikuwa bado hazijawekwa jikoni.

Ndipo shemeji akaingia. Alikuwa amekuja na bodaboda, na mkononi alikuwa na kamba ya katani iliyokunjwa vizuri.

"Ya nini hiyo?" nikamwuliza.

"Ya kufungia kiti," akasema. Akaliangalia fungu langu, akaona lilivyo dogo, akakaa kwenye benchi ya mlangoni na kuiweka kamba magotini. Alikuwa anasubiri niishiwe.

Sitakudanganya kwamba mikono haikutetemeka. Ilitetemeka. Niliiweka mmoja juu ya mwingine.

Mkono uliofuata nilipewa ree, ile yenye herufi A, na kumi. Nikapandisha mpaka nne. Mwenye mitumbwi, ambaye kwa zamu alikuwa ameweka moja ya lazima ya kuanzisha mkono, akaacha. Karani alikuwa ameweka mbili za lazima, akaongeza mbili akafuata. Zikafunuliwa ree, saba na tatu, kila moja aina yake. Nilikuwa na ree mbili. Karata nzuri, si ya kufia. Angeweza kuwa na saba mbili na ile ya mezani, angeweza kuwa na ree na karata kubwa kuliko kumi yangu.

Zamu ilikuwa yake. Akasukuma kifuniko kimoja. Akaniangalia. Macho yake yakashuka kwenye vidole vyangu vinavyotetemeka. Halafu mkono ukarudi kwenye fungu, ukaja na vifuniko vinne, ukaviongeza.

"Mwendo mmoja," nikasema.

Hata fundi uani aliacha kuimba.

"Mama," karani akasema, "unanizuia mimi kuongeza kwenye meza hii?"

"Simzuii mtu. Umeweka kumi. Dau ni kumi."

"Mwache mzee aongeze," shemeji akasema kutoka mlangoni. "Ni heshima tu."

"Shemeji, wewe huna kiti. Asiye kwenye mkono haongei kwenye mkono."

Mwenye mitumbwi aliinua kiganja. "Dau ni kumi," akasema. "Rudisha vinne."

Karani akavirudisha kimoja kimoja, akivigonga mezani. Na wakati akivigonga, mimi nilikuwa nikifikiri. Kwa nini ameongeza? Aliweka kumi kwanza. Halafu akaona natetemeka. Mtu mwenye karata kali akiona mwenzake anaogopa, hamwongezei woga. Anamwacha na zile kumi, anambembeleza abaki, amchume polepole. Anayeongeza baada ya kuona woga anataka uondoke. Alinitazama, akaona mjane anayetetemeka, akahesabu kwamba vifuniko vinne vitamaliza kazi. Nyongeza yake ilirudi kwenye fungu lake, lakini habari yake ilibaki kwangu.

"Zote," nikasema. Kwa sauti, kwanza, kabla ya kugusa kitu. Halafu nikasukuma thelathini na sita zangu kwa mikono miwili, mwendo mmoja.

Ilikuwa juu yake sasa. Angeweza kuacha akapoteza kumi na nne tu kati ya mia mbili. Mtu mwenye hesabu angeacha. Lakini shemeji alikuwa mlangoni, fundi alikuwa ameshika dirisha na kisu mkononi, na hukumu ilikuwa imemwangukia dakika hiyo hiyo mbele yao wote.

"Nafuata," akasema, akafunua mfalme na saba. Saba mbili, basi, yake na ya mezani. Mimi nikafunua ree yangu mara moja. Hilo nalo ni adabu: ukijua umeshinda, usimchezee mwenzako kwa kufunua polepole. Zikabaki karata mbili kufunuliwa. Saba nyingine au mfalme, na kamba inafunguliwa. Ikaja tano. Ikaja nane.

Nilivuta themanini na moja mbele yangu, nikapanga vifuniko mbele, kahawa nyuma, ziwe wazi. Baada ya hapo nilicheza kama mtu anayebeba mayai. Niliacha karani na mwenye mitumbwi wapigane, nikatupa karata mkono baada ya mkono, na ndizi zilipoletwa zikifuka mvuke na maharage yake, nilikuwa na sitini na nane. Mwenye mitumbwi alizihesabu mbele ya shemeji, moja moja.

"Kiti kimekaliwa," akamwambia.

Shemeji akasimama. "Mambo ya ukoo hayaamuliwi kwa kahawa."

"Kweli," nikasema, "ndiyo maana shamba sikulichezea. Shamba ukoo umeamua liwe lako, nami nimenyamaza. Kiti hiki seremala alikichonga nyuma ya jiko langu, mume wangu akakileta hapa, na leo nimekikalia kwa masharti waliyoweka wao, si mimi. Kama ukoo unataka kukaa meza hii, seremala yule bado yupo Kibeta. Nitakuelekeza kwake. Na ukija na kiti chako, nitakufundisha kuanzia kopa na uru, bila kukucheka."

Shemeji alikula nasi, maana mtu haondoki chakula kikiwa mezani, kisha akapanda bodaboda yake akaondoka na kamba yake. Mpaka leo ananisalimia kanisani, lakini kwa ufupi. Na iwe hivyo. Sikuenda Muleba kutafuta salamu ndefu.

Tuliponawa mikono karani alifuta miwani kwa pindo la shati. Halafu akasema, na nadhani alitaka kunifanyia wema: "Mama mwalimu, tulikuwa tunafikiri Jumamosi ijayo turudishe kikomo. Kama zamani. Usije ukachoka."

Mwenye mitumbwi alitazama pembeni. Fundi alinitazama mimi.

"Nani amechoka?" nikauliza.

"Hapana, tunasema tu, kwa ajili yako."

"Mlikiondoa kwa ajili yangu. Msikirudishe kwa ajili yangu. Acheni hivyo hivyo."

Fundi akavuta karata zote kwenye rundo moja, akazichanganya kwa vidole vyenye utomvu wa ndizi, akanipa nikate. Nje kulikuwa bado kweupe.